Deraya ya shujaa wa kike: Yalinda mwili au yaridhisha macho?

TUCHUKULIE kwamba ndugu wawili, kaka na dada, wameandamana hadi kwa mhunzi mmoja kununua mavazi ya vita. Wanalipa bei moja, wanapewa bidhaa yenye jina moja na wanahakikishiwa kuwa itawakinga kwa kiwango kimoja. Kaka anapolivaa vazi lake, chuma kinamfunika kuanzia shingoni hadi vifundoni. Dada anapolivaa lake, chuma hicho hicho kinageuka sidiria, chupi na jozi ya viatu virefu. Kisha wote wawili wanatumwa kupigana na joka lile lile, linalotema moto ule ule.

Mnunuzi mwenye akili timamu angerudi mbio kwa mhunzi huyo kudai pesa zake. Lakini katika michezo ya video ya kifantasia, yaani ile ya majoka, mazimwi, wachawi na mapanga, biashara ya namna hii imeendeshwa kwa takriban miongo minne, na aghalabu mhunzi haulizwi swali.

Mfano maarufu ni mchezo wa World of Warcraft, uliozinduliwa na kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment mnamo Novemba 2004, na ambao mamilioni ya watu duniani wameucheza kupitia intaneti. Katika miaka yake ya mwanzo, wachezaji waligundua kuwa baadhi ya mavazi yalibadilika umbo kutegemea jinsia ya mhusika aliyeyavaa. Suruali ya vita iliyomfunika mwanamume mapaja yote iligeuka kipande kidogo kiunoni mara tu ilipovaliwa na mwanamke. Jina la vazi halikubadilika. Nambari zilizoonyesha uwezo wake wa kukinga silaha hazikupungua hata moja. Kilichopungua ni chuma.

Mjadala huu ulipata sura mpya Februari 28, 2025, kampuni ya Capcom ya Japani ilipotoa mchezo wa Monster Hunter Wilds. Katika mfululizo huo, ulioanza mwaka 2004, mchezaji huwinda mazimwi na kutumia ngozi, mifupa na magamba yao kujitengenezea deraya. Kwa takriban miaka 20, deraya nyingi zilikuwa na maumbo mawili, la kiume na la kike, na mwindaji hakuruhusiwa kuvaa umbo la jinsia nyingine. Vazi litokanalo na mnyama wa ajabu aitwaye Kirin, kwa mfano, lilijulikana kwa kumwacha mwindaji wa kike tumbo na mapaja wazi. Katika toleo hilo la 2025, kizuizi kiliondolewa. Mwindaji yeyote, awe wa kike au wa kiume, anaweza kuvaa umbo alitakalo.

Capcom ilitangaza kuwa nakala zaidi ya milioni nane ziliuzwa katika siku tatu za kwanza, kasi ambayo kampuni hiyo haikuwa imewahi kuishuhudia. Haitakuwa haki kudai kwamba watu waliukimbilia mchezo huo kwa sababu ya mavazi. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa kuondolewa kwa mpaka huo hakukuwafukuza wanunuzi.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini tupoteze wino kwa nguo za watu wasiokuwepo, ilhali walio hai wana matatizo chungu nzima. Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba michezo hii si kitu cha watoto wachache tena. Ripoti za chama cha watengenezaji wa michezo ya video nchini Marekani zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kuwa karibu nusu ya wachezaji wa huko ni wanawake. Nasi hapa nyumbani tumemwona Sylvia Gathoni, ajulikanaye ukumbini kwa jina la Queen Arrow, akishindana kimataifa katika mchezo wa mapigano wa Tekken. Msichana anayeketi mbele ya skrini humchagua mhusika atakayekuwa yeye kwa muda wa saa nyingi, na vazi analopewa mhusika huyo humweleza kama ametarajiwa kupigana au kutazamwa.

Isitoshe, swali la deraya ya mwanamke si la kubuni tu. Wapo wanawake wa nyama na damu ambao leo hii huvaa mavazi ya kinga kazini. Historia yao inatupa kipimo cha kuupimia mchezo: tofauti ya haki kati ya deraya ya kike na ya kiume ni ile inayotokana na mwili wa anayeivaa. Inayotokana na macho ya anayemtazama ni pambo, na pambo halipaswi kuuzwa kwa jina la kinga.

Chimbuko

Vazi hili halikuzaliwa ndani ya kompyuta. Katika miaka ya 1930, jarida la hadithi la Weird Tales nchini Marekani lilichapisha visa vya Conan, shujaa wa kubuni wa mwandishi Robert E. Howard, na majalada yake mengi yalipambwa kwa wanawake walio nusu uchi. Ajabu ni kwamba mchoraji aliyevuma kwa majalada hayo alikuwa mwanamke, Margaret Brundage. Mnamo 1973 kampuni ya Marvel ikamleta Red Sonja katika vitabu vyake vya katuni. Mpiganaji huyo wa upanga hakukawia kuvishwa sidiria na chupi zilizofumwa kwa vipande vya chuma. Vazi hilo ndilo lililomtambulisha tangu hapo, na wachoraji wengi waliofuata waliliiga.

Michezo ya video ilipochipuka ilirithi picha hizo. Golden Axe, mchezo wa kampuni ya Sega wa mwaka 1989, ulikuwa na shujaa wa kike aitwaye Tyris Flare aliyevaa kama aendaye kuogelea. Lakini tuseme ukweli: mwenzake wa kiume, Ax Battler, naye hakuwa na zaidi ya winda kiunoni. Katika mchezo huo uchi uligawanywa kwa usawa, na skrini za wakati ule zilikuwa hafifu kiasi kwamba mchoraji alihitaji alama kubwa ili wahusika watofautishwe kwa mtazamo mmoja. Kasoro ilijitokeza wazi baadaye, mitambo ilipoimarika, mwanamume akaongezewa chuma na mwanamke akaachwa pale alipokuwa.

Kisa cha Metroid, mchezo wa Nintendo wa mwaka 1986, kinafunza zaidi, ingawa wake ni ulimwengu wa anga za juu na si wa majoka. Humo mchezaji humwongoza Samus Aran, mpiganaji aliyefunikwa kwa deraya kuanzia utosini hadi unyayoni. Kijitabu kilichouzwa pamoja na mchezo kilimtaja kama mwanamume. Ni mwishoni tu, mchezaji aliyefanya vyema alipovuliwa pazia, ndipo ilipobainika kuwa aliyeshinda vita vyote hivyo alikuwa mwanamke.

Ilikuwa hatua ya kijasiri kwa wakati huo. Lakini waundaji waliongeza jambo jingine. Mchezaji aliyemaliza kwa kasi kubwa zaidi, kwa muda usiofika saa moja, alimwona Samus akiwa katika vazi la kuogelea. Deraya iliyomwokoa shujaa huyo katika hatari zote ikawa kitambaa cha kufunikia zawadi, na kuvuliwa kwake kukawa tuzo ya aliyemwongoza.

Chuma na mwili

Wasomaji wa Biblia wanazifahamu dirii, chapeo na ngao kutokana na Waraka kwa Waefeso. Dirii hukinga kifua, chapeo hukinga kichwa, na ngao huzuia kinachorushwa. Kila kipande kina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo huamua umbo lake.

Wahunzi wa Ulaya wa karne ya 15 na 16, waliobobea katika deraya za mabamba ya chuma, waliizingatia kanuni hiyo. Dirii waliifinyanga kwa mbinuko mmoja kama tumbo la mtungi, ili ncha ya mkuki au upanga iteleze na kwenda kando. Kati ya chuma na mwili palibaki nafasi, na ndani yake mpiganaji alivaa nguo nene ya kupunguza kishindo. Kwa sababu ya nafasi hiyo, kifua cha mwanamke kingetosha humo bila dirii kuhitaji umbo la ajabu.

Michezo mingi huipa dirii ya kike vikombe viwili vyenye bonde katikati. Ncha ya silaha ikigonga kikombe, huelekea kutelezea bondeni, na nyuma ya bonde hilo kuna mfupa wa kidari na moyo. Yaani badala ya kuifukuza silaha, dirii huionyesha njia. Kuhusu tumbo lililoachwa wazi hatuna haja ya maelezo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Si kwamba wahunzi wa kale hawakuwa na majivuno. Deraya ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza ya mwaka 1540, iliyohifadhiwa katika Mnara wa London, ina kifuko kikubwa cha chuma kilichochomoza chini ya kitovu kutangaza uanaume wake. Lakini hata majivuno hayo yalifanywa kwa kuongeza chuma. Hakuna mhunzi aliyemsifu mfalme kwa kumwacha tumbo wazi.

Na wanawake waliovaa deraya walikuwepo. Maarufu zaidi ni Joan wa Arc, msichana wa Ufaransa aliyekuwa na umri wa takriban miaka 17 alipojitosa katika vita dhidi ya Waingereza mnamo 1429. Deraya yake iliundwa mjini Tours, na hazina ya mfalme ikamlipa fundi livre 100 za Tours. Ilikuwa deraya kamili ya mabamba, kama walivyovaa wanaume aliopigana bega kwa bega nao.

Majeraha yake yanaeleza thamani ya vazi hilo kuliko nadharia yoyote. Mei 7, 1429, katika vita vya Orléans, mshale ulimpata kati ya shingo na bega. Mwezi uliofuata huko Jargeau, jiwe lililorushwa kutoka ukutani lilimgonga kichwani likamwangusha, lakini chapeo ikamwokoa, akainuka na kuendelea. Septemba mwaka huo, nje ya kuta za Paris, mshale mwingine ulimchoma pajani. Ni yale mapaja na mabega ambayo wachoraji wa michezo huyaacha wazi kwa ajili ya mashujaa wao wa kike.

Tofauti ya kweli

Wapo wanaodhani kuwa dawa ni kumvisha mwanamke deraya ile ile ya mwanamume bila kubadilisha chochote. Kwenye skrini jambo hilo lawezekana kwa urahisi, kwani mwili wa kuchora hunyumbulika upendavyo. Nje ya skrini mambo ni magumu zaidi.

Kwa miaka mingi wanajeshi wa kike wa Marekani walipewa fulana za kuzuia risasi zilizopimwa kwa miili ya wanaume. Fulana hizo zilikuwa ndefu mno, zikiwachoma nyongani walipoketi ndani ya magari. Mabegani zilikuwa pana, zikawatatiza walipotaka kuegemeza bunduki ili kulenga shabaha. Ubavuni ziliacha mianya ambamo kipande cha bomu kingeweza kupenya. Waamuzi waliozinunua hawakuhisi lolote kati ya hayo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jeshi hilo lilipoamua kusikiliza, liliunda fulana fupi zaidi, nyembamba mabegani, zilizoshonwa kufuata mkunjo wa kifua na kiuno. Mwaka 2012 jarida la Time liliiweka fulana hiyo katika orodha yake ya uvumbuzi bora wa mwaka. Hiyo ndiyo deraya ya kike iliyo tofauti kwa haki. Ilibadilishwa ili izibe mianya.

Yaliyotokea katika shirika la anga za juu la Marekani, NASA, yanashabihiana na hayo. Machi 2019 shirika hilo lilikuwa limepanga wanaanga wawili wa kike, Anne McClain na Christina Koch, watoke pamoja nje ya kituo cha kimataifa cha anga. Siku chache kabla ya safari hiyo, mpango ulibadilishwa. Wote wawili walihitaji kiwiliwili cha vazi cha ukubwa wa wastani, na kituoni kilichokuwa tayari kutumika kilikuwa kimoja tu. Wanawake wawili walitoka pamoja kwa mara ya kwanza Oktoba 18, 2019, Koch akiandamana na Jessica Meir. Kwa muda wa miezi saba historia ilikuwa imesubiri vazi.

Mifano hii inatuonyesha makosa mawili yanayofanana. Fundi wa fulana za zamani alisahau kuwa mwanamke ana mwili wake. Mchoraji wa deraya ya sidiria haoni kingine isipokuwa mwili huo. Wote wawili hawakumuuliza mvaaji anakwenda kufanya kazi gani.

Hoja za watetezi

Watetezi wa mavazi haya wana hoja zao, na si busara kuzipuuza. Ya kwanza ni kuwa hii ni fantasia. Ikiwa tunakubali majoka yanayopaa na wachawi wanaofufua wafu, mbona tushtuke kuona tumbo wazi vitani?

Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami. Hadithi ya kubuni huwa na sheria zake, na msomaji au mchezaji huikubali kwa sharti kuwa sheria hizo ziwafunge wote. Lau katika ulimwengu huo uchawi ndio unaokinga ngozi, basi na wanaume nao wangeingia vitani na chupi. Wanaume wanapovikwa chuma chenye uzito, chenye kutu na mikwaruzo ya vita, mchoraji amekiri mwenyewe kuwa katika ulimwengu wake upanga hukata. Hawezi kukiri kwa kaka na kukana kwa dada.

Hoja ya pili ni kwamba wanaume pia huchorwa bila nguo na kwa miili isiyokuwepo duniani. Conan ni shahidi, na Kratos wa mchezo wa God of War, uliotoka mwaka 2005, hupigana na miungu akiwa kifua wazi. Ni kweli. Lakini tutazame uchi huo unasema nini. Misuli ya Kratos imechorwa ili adui aogope. Mhusika wa kike aghalabu huchorwa amepinda mgongo na kubinua nyonga, mkao ambao hakuna mpiganaji angeushika kwa muda wa pumzi tatu.

Mwaka 2012 baadhi ya wachoraji walianzisha mzaha wenye mafunzo kwenye intaneti. Walimchukua Hawkeye, mlenga mishale wa kiume katika vitabu vya katuni vya Marvel, wakamchora kwa mikao na mavazi ya wahusika wa kike. Watazamaji walicheka hadi machozi. Waliochekea picha za Hawkeye walikuwa wameiona mikao hiyo hiyo kwa wanawake miaka nenda miaka rudi bila hata kutabasamu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hoja ya tatu ni ya soko: kwamba wanunuzi ndio wanaotaka. Hapa ushahidi unaelekea pande zote mbili. Stellar Blade, mchezo wa Korea Kusini uliotoka Aprili 2024 ukiwa na shujaa wa kike mwenye mavazi ya kubana mno, ulipita nakala milioni moja katika takriban miezi miwili. Kwa upande mwingine, Horizon Zero Dawn wa mwaka 2017, ambao shujaa wake Aloy huvaa ngozi na vipande vya chuma kama mwindaji yeyote, uliuza zaidi ya nakala milioni 20. Elden Ring wa mwaka 2022, ambao karibu deraya zake zote hukaa sawasawa kwenye mwili wa kike na wa kiume, ulifikisha nakala milioni 20 katika mwaka wake wa kwanza. Kizuri chajiuza. Mwenye mchezo mzuri hana haja ya kumvua mtu nguo ili apate mteja.

Suala si urefu wa nguo

Hapa inafaa tujihadhari. Kuna wasomaji watakaoikumbatia hoja hii kwa sababu isiyo yake, wakidhani tunasema mwanamke mwema ni yule aliyejifunika. La hasha.

Nchi hii inakumbuka Novemba 2014, wanawake walipoandamana katika barabara za Nairobi baada ya mwenzao kushambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kuwa amevaa vibaya. Waliofanya ukatili huo walijiita walinzi wa heshima. Anayelalamikia deraya ya sidiria kwa moyo huo huo ataanza na mhusika wa mchezo na kuishia kwa msichana wa kituo cha matatu.

Joan wa Arc naye ana neno la kutuambia katika hili. Yeye alijifunika kikamilifu, na bado mavazi yalitumiwa dhidi yake. Katika kesi aliyofanyiwa mjini Rouen, kuvaa kwake nguo za kiume kulikuwa miongoni mwa makosa aliyosomewa, na Mei 30, 1431 akachomwa moto akiwa hai. Mwanamke amehukumiwa kwa kuvaa kichache na amehukumiwa kwa kuvaa kingi. Katika hali zote mbili aliyeshika mizani alikuwa mtu mwingine.

Ndiyo maana uamuzi wa Capcom una uzito kuliko marufuku yoyote. Kampuni hiyo haikuyafuta mavazi ya zamani. Mchezaji apendaye deraya nyepesi ya Kirin hajanyimwa cha aina hiyo, na wapo wanawake wengi wanaofurahia kuwapamba wahusika wao kwa mavazi ya kila namna. Kilichoondolewa ni amri iliyosema kuwa huyu lazima avae hivi kwa kuwa ni mwanamke, na yule vile kwa kuwa ni mwanamume.

Nani huchora?

Usione vyaelea, vimeundwa. Kila deraya kwenye skrini imepita mikononi mwa mchoraji, msimamizi wake na mwenye kampuni, na kwa muda mrefu wengi wa hao wamekuwa wanaume. Julai 2021 idara ya jimbo la California inayosimamia haki za wafanyakazi iliishtaki kampuni ya Activision Blizzard, wamiliki wa World of Warcraft, ikidai wanawake walibaguliwa na kunyanyaswa kazini. Kampuni ilikana. Kesi ilimalizika Desemba 2023 kwa makubaliano ya takriban dola milioni 54, yaliyohusu hasa mishahara na upandishaji vyeo wa wanawake, huku madai ya unyanyasaji uliokithiri yakiondolewa.

Kesi ikiwa bado inaendelea, jambo la kuchekesha lilitokea ndani ya mchezo wenyewe. Septemba 2021 wachezaji waligundua kuwa michoro ya ukutani iliyoonyesha wanawake wenye mavazi ya kuachia mwili ilikuwa imebadilishwa, na mmoja wao ulikuwa umegeuka bakuli la matunda. Ni rahisi kubadilisha mchoro ukutani kwa siku moja. Kubadilisha meza ambapo michoro huamuliwa huchukua miaka.

Wanaothubutu kulisema hili wamelipia. Mkosoaji Anita Sarkeesian alipotangaza mwaka 2012 kuwa anachangisha pesa za kutengeneza video kuhusu taswira ya mwanamke katika michezo, alimiminiwa matusi na vitisho. Oktoba 2014 alilazimika kufuta hotuba yake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya mtu asiyejulikana kutishia kufanya mauaji ya halaiki ikiwa angeitoa. Mwaka 2016 alitoa video iliyohusu mavazi haya hasa, akieleza jambo ambalo mtoto wa chekechea angeling'amua: kwamba nguo ya ndani si deraya. Mtu hutishiwa maisha kwa kusema hivyo pale tu ambapo deraya hiyo inalinda kitu kingine, nacho ni mazoea ya wale ambao kwa muda mrefu walidhani ukumbi ni wao peke yao.

Tumrudie basi mhunzi wetu na wateja wake wawili. Hatumwambii amshonee dada buibui la chuma, wala hatumkatazi kutengeneza mapambo kwa anayeyataka. Tunamtaka afanye lile ambalo fundi wa Tours alilifanya mwaka 1429: atwae kamba, ampime mteja aliye mbele yake, amuulize anakwenda vita gani, kisha ampe chuma kinacholingana na pesa alizolipa. Kaka akipewa deraya na dada apewe deraya. Joka halitachagua.